Mpaka Waitikie Pakawa: Namna ya Kuwasomea Watu Mswada Wako Kabla Haujawa Kitabu

Mara ya kwanza nilipowasomea watu sura ya hadithi yangu, kwenye baraza moja ya kahawa ya Mkunazini, mjini Unguja, jibu lilikuwa neno moja: mashaallah. Kila mtu mashaallah. Nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba. Wiki mbili baadaye nikamuuliza mmoja wao, kwa utani tu, yule bibi wa kwenye hadithi alikufa kwa maradhi gani. Akanitazama. "Kwani alikufa?"

Tangu siku hiyo siitegemei mashaallah, ingawa bado naipenda kuisikia.

Sisi ni watu wa kustahiana. Mtu hakuvunji uso mbele za watu, khasa kama kahawa anayokunywa umelipa wewe. Kwa hiyo mwandishi wa Unguja au Pemba ana kazi moja ya ziada: kuupata ukweli kutoka kwa watu waliolelewa wasikwambie. Bibi zetu waliijua njia. Hadithi haikuanza mpaka aseme paukwa na watoto waitikie pakawa, na kimya kikizidi katikati aliita tena, akasikiliza sauti ngapi zimerudi. Hakumuuliza mtoto yeyote kama hadithi ni nzuri.

Ninayoeleza hapa yanamfaa mtu mwenye mswada wa hadithi au riwaya, na kuna kipande cha washairi pia. Tenga kiasi cha miezi miwili.

Anza na watu watatu

Chukua karatasi uandike wasomaji watatu unaowajua kwa sura. Usiandike "vijana" wala "wapenzi wa Kiswahili". Hao hawana mlango wa kubisha hodi. Wangu walikuwa shangazi yangu wa Jang'ombe anayesoma kila kitu mpaka karatasi iliyofungiwa karanga, fundi mashua mmoja wa Nungwi, na kijana wa chuo ambaye kazi yake ni kutoamini. Kila unapokwama kwenye mswada, jiulize nani kati ya hao watatu angekitupa kitabu hapo, na kwa nini.

Kuna ujanja mwengine wa zamani. Muhammed Said Abdulla, aliyekuwa mtu wa magazeti kabla ya kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957–58, hakumwachia mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake, abaki peke yake. Alimpa rafiki, Najum. Najum anauliza lile tunalotaka kuuliza sisi, anashangaa tunaposhangaa. Ukiona wasomaji wako watatu wote wanauliza swali moja, jaribu kumpa mtu mmoja ndani ya hadithi aliulize.

Lugha gani?

Hapa nitasema kidogo tu, maana ugomvi wake hauishi. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kwa sababu hiyo mwandishi wa mjini hudhani hana lahaja. Anayo. Msomaji wa Makunduchi, wa Tumbatu na wa Konde anaisikia mara moja. Mimi nimejiwekea hivi: masimulizi kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa Tabora atakisoma, na midomo ya watu iseme kama inavyosema. Mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, haambii mwenzake "nimekwisha kula", anasema "nshakula". Lakini usimpe mhusika lahaja ambayo huijui vizuri. Mpemba akisoma Kipemba cha kubuni, kitabu anakifunga hapo hapo, na wenzake atawaambia.

Na usichanganye kujivuniwa na kusomwa. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, mitaa yetu ilijaa fahari, na ilistahiki. Lakini riwaya yake ya mwaka 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Kwa miaka yote hiyo watu wengi wa kisiwa alikozaliwa hawakuweza kuisoma kwa lugha yao.

Nakala za kusomwa

Usipeleke mswada mzima. Peleka sura mbili au tatu, ya kwanza iwemo. Toa fotokopi tano, kila moja uipe namba kwa kalamu nyekundu, na andika kwenye daftari namba ipi iko kwa nani. Herufi ziwe kubwa, pointi 14, mistari iachane, na pembeni ubaki uwazi wa kutosha kuandika. Wazee wengi wataikataa karatasi kwa kisingizio cha miwani, kumbe herufi ndizo ndogo.

Pima muda pia. Ukurasa wa maneno 300, ukisomwa kwa sauti bila haraka, unakula kama dakika tatu. Kurasa kumi ni nusu saa, na nusu saa ndiyo mwisho wa subira ya baraza yoyote niliyoijaribu. Baada ya hapo mtu anakumbuka habari ya bei ya mchele, na umeshampoteza.

Baraza ipi, saa ngapi

Usianzie Jaws Corner, ile kona maarufu ya Mji Mkongwe. Pale pana kahawa nzuri, dhumna na siasa, na hadithi yako haitashinda hata kimoja kati ya hivyo. Tafuta baraza ndogo ya watu watano mpaka wanane ambao wanajuana na hawakuogopi. Nenda kwanza mara mbili bila karatasi. Kaa, nywa, sikiliza. Mara ya tatu mwombe ruhusa yule mkubwa wa baraza, kila baraza inaye hata kama hajachaguliwa, na umwombe faraghani ili aweze kukataa bila kuona haya. Muuza kahawa akifika na dele yake, lile birika lake, lipa mzunguko mmoja wa vifinjani na kashata. Ukilipa miwili, umenunua sifa.

Saa nzuri ni baina ya Alasiri na Magharibi. Ramadhani ni baada ya tarawehe au usitafute kabisa. Pemba, msimu wa karafuu ukiingia na majamvi ya kuanikia yakatandikwa juani, funga mswada wako kabatini. Hakuna msomaji atakayekusikiliza huku anatazama wingu.

Kwa wanawake mambo ni mengine, na waandishi wanaume wengi wanaishia barazani kisha wanashangaa kwa nini mabibi wa kwenye vitabu vyao wote wanazungumza kama wanaume waliovaa buibui. Wasikilizaji wangu bora kuliko wote walikuwa kina mama wa kijiji kimoja cha kusini, wamekaa uani wanasuka ukili. Mikono ina kazi, masikio yako huru. Kama ni wakulima wa mwani, tazama maji kwanza: siku za bamvua, maji yakitoka sana, wako baharini, basi nenda maji mafu, yakitoka kidogo. Nilipitia kwa binamu yangu wa kike, yeye akasoma, mimi nilikaa kibarazani nje, mlango wazi. Walicheka pahala ambapo mimi nilidhani panaliza. Nikapaandika upya.

Mpe mwengine asome

Hii ndiyo hatua ninayowaambia watu waishike hata wakiziacha nyengine zote. Usisome mwenyewe.

Ukisoma mwenyewe, sauti yako inabeba lile ambalo karatasi haikubeba. Unajua pa kupumua, unajua neno gani la kuvutia. Msomaji aliyenunua kitabu chako Darajani hatapata sauti yako kwenye mfuko pamoja nacho. Kwa hiyo mpe karatasi kijana wa baraza aliyemaliza skuli, ambaye hajaiona kabla, na wewe kaa pembeni na nakala yako na penseli.

Weka alama nne tu. Kistari anapojikwaa. Duara anaporudia sentensi nyuma. Herufi K wanapocheka. Na mstari mrefu pembeni pale watu wanapoanza kusogea: mtu anakohoa, mwengine anapanga kofia, yule wa tatu anamsalimia mpita njia kwa kirefu kuliko kawaida. Salamu ndefu ndiyo hukumu kali kuliko zote. Nimeshasikia msikilizaji wangu akimuuliza mpita njia habari za mbuzi wake, mmoja mmoja.

Anapojikwaa mara mbili kwenye sentensi moja, sentensi ndiyo mbovu, kijana hana kosa. Mara nyingi utakuta umerundika "ambayo" tatu, au umemweka mtenda mbali na kitendo chake. Ivunje. Usimsahihishe msomaji, usieleze, usicheke mapema. Akikuuliza "hapa ulikusudia nini?" mjibu "endelea tu". Ni vigumu. Mimi huwa natia kashata mdomoni.

Kwa washairi, jaribio ni hili. Chukua shairi lako la mishororo minne, mizani (silabi) nane kwa nane, msomaji asome ubeti lakini anyamaze kabla ya neno la mwisho la mshororo. Wasikilizaji watalimalizia wenyewe, hawawezi kujizuia. Wakitia neno lako, kina cha shairi kimekaa. Wakitia neno tafauti, lisikilize vizuri, huenda ni bora. Omba ruhusa ulichukue. Na mizani ikipungua moja utaona kidole cha mzee kimesimama hewani. Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, tungo zake zilikaa vinywani mwa watu wa taarabu na ngoma, na wengi walizijua kwa sikio kabla hawajaona kitabu. Kisiwani kwetu shairi linaweza kupita kwenye jicho na likafeli kwenye sikio, na likifeli huko basi tena.

Maswali ya kuuliza, na moja la kuacha

Usiulize "mmeipenda?" Umeshajua utajibiwa nini. Ukiuliza "mna maoni gani?" utapata hotuba juu ya maadili ya vijana wa siku hizi.

Badala yake, subiri mtu aliyechelewa. Kila baraza ina mtu anayechelewa. Akikaa, mwambie mmoja wa waliosikia: "Hebu mhadithie mwenzako imekuwaje." Kisha nyamaza, andika. Anachokiacha ni kile ambacho hukukiandika kwa nguvu. Anachokigeuza hakikuwa wazi. Anachokiongeza, ambacho hukukiandika kabisa, ni dhahabu. Ndicho alichotaka kiwepo. Shangazi yangu alipomhadithia jirani sura yangu ya pili, alimpa mume wa Mwanaidi kazi ya bandarini. Mimi sikumpa kazi yoyote. Kurasa 14 yule mwanamme anaondoka asubuhi na kurudi jioni, na sijasema anakwenda wapi!

Baada ya hapo uliza maswali madogo yasiyotaka ujasiri: nani humtaki kati ya hawa? Uliwahi kusahau nani ni nani? Mtu kama huyu, angesema maneno haya? Hili la mwisho watu wa kwetu wanalijibu kwa raha, kwa sababu hawakukosoi wewe, wanamkosoa mhusika. "Aa, mama mkwe hawezi kusema hivyo, yakhe. Angenyamaza, kisha angetuma mtu."

Waliobobea

Kila kazi iliyomo kwenye hadithi yako ina msomaji mmoja anayeijua kuliko wewe. Mtafute kabla hajakutafuta.

Nilimpandisha nahodha wangu jahazini Unguja mwezi wa Januari, kaskazi inavuma sawasawa, nikamwelekeza Lamu, tanga limejaa. Sentensi nzuri wallahi. Nilimpelekea mzee mmoja aliyezeekea baharini. Akasoma polepole, akanirudishia karatasi, akauliza kwa upole: "Hili jahazi lako lina mashine?" Kaskazi inatoka huko huko nilikomwelekeza. Kwenda Lamu kwa tanga unangoja kusi, na kaskazi ndiyo inayokurudisha. Kosa hilo lilikuwa kwenye mswada kwa mwaka mzima, na lilikuwa limeshika sura tatu, kwa sababu harusi ilikuwa Februari.

Kwenye karafuu niliteleza vilevile. Niliandika wachumaji wanashusha maua yaliyofunguka. Binti mmoja wa Wete akacheka: karafuu inachumwa ikiwa tumba, ikishachanua haina bei. Akanifundisha na makonyo, vile vikonyo vinavyochambuliwa na kuuzwa mbali, na kunionya nisimfanye mchumaji akae chini ya mkarafuu akiimba kama kwamba halipwi kwa pishi.

Kwa mjuzi usiende na sura nzima. Nenda na kurasa mbili zinazomhusu, mwombe azitie makosa, na usibishe. Jina lake liweke kwenye shukrani kama akiridhia. Wengine hawataki, na wana sababu zao.

"Huyu si fulani?"

Swali hili litakuja. Visiwa ni vidogo, na msomaji wetu amefunzwa kutafuta fumbo kila mahali. Anasoma jina la kanga ya jirani na kujua ni yeye aliyekusudiwa. Anasikiliza taarabu na kujua nani kapigwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba visa vya watu wa mji wenyewe, na mji ulijua. Sikio lililolelewa hivyo haliwezi kuisoma riwaya kama vile mwandishi hana wa kumsema. Utaandika "mwanamme mwenye kitambi alipita" na watu wanne watahama msikiti.

Mimi nilikuwa na mhusika anayechechemea na kuuza mikate ya mofa. Nilimbuni. Lakini mtaa wa pili alikuwepo mtu anachechemea, na ndugu yake alikuwa na tanuri. Yule bwana aliacha kuniamkia miezi kadhaa, na aliyeteseka zaidi ni mama yangu.

Kwa hiyo: kabla hujatoa fotokopi, pitia kila mhusika muovu au wa aibu, uulize nani hapa mtaani anaweza kujiona. Badili vitu vitatu kwa pamoja, si kimoja: kazi, pahala, na ukoo. Kubadili jina peke yake hakusaidii kitu. Ukiwa umechota kweli kutoka kwa mtu, changanya na wengine wawili, mmoja awe wewe mwenyewe. Na kama kisa ni cha mtu, kizima, nenda kamwombe, ukae, umsomee. Akisema hapana, ni hapana. Najua wapo waandishi wasiokubali hili na wanasema sanaa haina ruhusa. Wengi wao hawaishi mtaa mmoja na wahusika wao.

Lipi uchukue

Utarudi na daftari limejaa. Usiguse mswada kwa siku saba.

Kisha hesabu. Jambo lililosemwa na mtu mmoja liandike. Likisemwa na wawili wa baraza moja, lichunguze, maana huenda wa pili alimfuata wa kwanza. Likitoka baraza mbili zisizojuana, lirekebishe bila kujitetea. Lakini tenganisha maumivu na dawa. Msomaji anapokwambia "sura ya nne ndefu", anakwambia kweli kwamba alichoka. Pengine dawa si kuikata. Pengine sura ya tatu haikumpa sababu ya kungoja.

Kuna moja ambalo baraza zote zitakwambia na mimi huwa silifuati: waoane mwishoni. Wanataka waoane, mbaya aumbuke, na mama apate radhi. Nawasikiliza kwa heshima zote. Pale uani kina mama walinibembeleza nimfufue bibi. Ningemfufua, wasingekuwa na cha kunigombeza mpaka leo.

Kitabu kikishatoka

Weka ukurasa mmoja mtupu mwishoni, na maneno mawili matatu ya kumkaribisha msomaji akusahihishe. Si jambo geni. Watunzi wa tenzi za zamani walifunga tungo zao kwa kumwomba msomaji atengeneze palipokosewa na kuwaombea dua. Kule Pemba, washairi Kamange na Sarahani walijibizana kwa mashairi, na mtu akikujibu kwa shairi nawe mjibu kwa shairi, bahari ile ile, yaani mtindo ule ule, usishuke kwenye nathari kama mtu aliyekimbia. Dukani unapouzia acha daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Namba ya simu utakayoichapa isiwe ile ya nyumbani; wasomaji wetu hupenda kutuma ujumbe wa sauti, na wengine huutuma saa nane za usiku.

Msomaji mwenye hasira utakutana naye harusini au mlangoni mwa msikiti. Usimjibu hapo. Muulize ukurasa gani, mshukuru, nenda nyumbani ukausome kwa jicho lake. Mfuate baada ya siku tatu, nyumbani kwake, ukiwa na jibu moja: nimekosea na nitarekebisha, au sikukosea na sababu ni hii. Makosa ya kweli yachapishe kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya nakala zilizobaki.

Na zile fotokopi tano zidai. Zangu nne zimerudi, mbili zina mafuta ya sambusa. Namba 4 ilitoka kwa mwenyewe ikenda kwa shemeji yake Chake, na nimeambiwa sasa iko Micheweni, haina jalada. Aliyenayo simjui. Amenitumia salamu kwamba baada ya sura ya sita nimeandika nane, na anataka kujua kama ya saba ameibiwa yeye au nimeibiwa mimi.